Kumwona ndugu aliye gerezani Marekani kwa video ukiwa Dar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Zipo familia hapa Dar es Salaam, kuanzia Mbagala hadi Tegeta, zenye mtu aliyekwenda Marekani kusoma au kutafuta maisha na sasa yuko ndani. Nauli ya kumfuata haipo, viza haina uhakika, na video ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuuona uso wake. Majibu haya ni kwa ajili ya familia hizo.

Lishike jambo moja kabla ya mengine yote. Kosa likifanyika upande wako wa skrini, anayeadhibiwa ni yeye. Wewe utakatiwa simu na kukasirika kidogo. Yeye anaweza kuandikiwa kosa, kunyimwa ziara, na kosa hilo likabaki kwenye faili linalosomwa siku anapoomba kuachiwa mapema. Kwa hiyo sharti likionekana la kijinga, lifuate hivyo hivyo.

Masharti haya yanawekwa na nani?

Gereza ndilo linaloweka masharti, na kampuni binafsi ndiyo inayoendesha mtambo. Majina utakayokutana nayo zaidi ni Securus na ViaPath (hadi mwaka 2022 iliitwa Global Tel Link, wengi bado wanasema GTL). Wapo pia HomeWAV na ICSolutions. Huchagui kampuni, unatumia ile iliyoingia mkataba na gereza lake.

Marekani haina jeshi moja la magereza kama letu. Kuna jela za kaunti, wanakokaa zaidi mahabusu na wenye vifungo vifupi. Kuna magereza ya majimbo, na kila jimbo lina idara yake. Kuna magereza ya shirikisho, yaani ya serikali kuu. Halafu kuna vituo vya uhamiaji vilivyo chini ya ICE, idara ya Marekani inayokamata na kuwashikilia wahamiaji. Kila mahali pana utaratibu wake, kwa hiyo mtu akikwambia "mbona binti yangu anamwona mumewe kila wiki bila tatizo", mpongeze, kisha kasome masharti ya gereza la ndugu yako. Kwenye magereza ya shirikisho, kwa mfano, video kwa muda mrefu imekuwa zaidi kwenye vituo vya wanawake. Mwanaume aliyefungwa huko mara nyingi utampata kwa simu ya kawaida na kwa ujumbe wa maandishi wa CorrLinks (mtandao wa barua pepe za wafungwa), ambao unaweza kuusoma na kuujibu ukiwa hapa hapa.

Hatujui hata yuko gereza gani. Tuanzie wapi?

Kama ni gereza la shirikisho, tovuti ya bop.gov ina sehemu ya kutafuta kwa jina au kwa namba ya mfungwa, yenye tarakimu nane. Kama ni uhamiaji, ICE wana ukurasa wao wa kutafutia watu: unaingiza namba yake ya uhamiaji, ile inayoanza na herufi A, pamoja na nchi aliyozaliwa. Idara za magereza za majimbo nazo zina kurasa za namna hiyo. Jaribu kila namna ya kuandika jina, kwa sababu majina yetu huvurugwa sana kule: jina la babu linakuwa la ukoo, Mohamed anakuwa Mohammed.

Ubalozi wetu Washington pia upo kwa ajili hii. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unampa mgeni aliyekamatwa haki ya ubalozi wake kujulishwa, na Tanzania imo kwenye orodha ya nchi ambazo Marekani inawajibika kuujulisha ubalozi hata kama aliyekamatwa hajaomba. Familia nyingi hazijui hili. Ila kama ndugu yako alishachukua uraia wa Marekani, fahamu kwamba sheria yetu haitambui uraia pacha kwa mtu mzima, na ubalozi hautaweza kumsimamia kama Mtanzania.

Nani anaanza, mimi au yeye?

Kwenye magereza ya majimbo na ya shirikisho, mara nyingi ni yeye. Anaandika jina lako kwenye orodha ya wageni wake, gereza linakuchunguza, ndipo unakubaliwa au kukataliwa. Inaweza kuchukua wiki kadhaa. Kwenye jela nyingi za kaunti unajisajili mwenyewe kwenye programu ya kampuni na kusubiri kukubaliwa.

Kinachoangusha watu wengi hapa ni jina. Yeye huko ndani anaandika "Mama Asha" au jina la utani la nyumbani, wewe unajisajili kwa majina matatu ya pasipoti, na mtambo unaona watu wawili tofauti. Mwandikie barua au ujumbe wenye jina lako lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa. Na ukijaza fomu, usifiche uhusiano. Kama wewe ni mtoto wa mama mdogo, andika binamu. Sisi tunaitana ndugu, lakini kwenye fomu yao "kaka" ni aliyezaliwa na baba au mama yako, na wakigundua tofauti wataona umedanganya.

Kitambulisho cha NIDA kinatosha?

Usikitegemee. Kitambulisho cha mgeni wa nje kinachoeleweka kote ni pasipoti, na ndicho utakachopigia picha pamoja na uso wako wakati wa kujisajili. Kama huna, anza maombi Uhamiaji mapema (kwa Dar ni ofisi ya Kurasini), maana namba ya NIDA itahitajika huko huko. Pasipoti ya bibi iliyokwisha muda haitapita.

Baadhi ya vituo huomba namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani. Usibuni namba na usiazime ya mtu. Andika barua pepe gerezani, ueleze kuwa wewe ni raia wa Tanzania unayeishi Tanzania, uulize mgeni wa aina yako anasajiliwaje. Jibu litachelewa, lakini litakuwa la maandishi na utalitunza.

Nalipaje nikiwa Dar?

Kwa kadi ya benki yenye nembo ya Visa au Mastercard, au kadi ya mtandaoni unayoitengeneza kupitia huduma ya pesa ya simu. Tatizo ni kwamba fomu nyingi za malipo zinataka anwani ya Marekani yenye jimbo na msimbo wa posta, na kadi ya nje inakataliwa hata kama ina salio. Njia inayofanya kazi mara nyingi zaidi ni kumwomba ndugu au rafiki wa familia aliye Marekani aweke fedha. Mpe risiti zote, na yeye akupe zake. Fedha za mfungwa zinavunja undugu haraka kuliko mnavyodhani.

Bei hutofautiana. Gharama hizi zimepigiwa kelele miaka mingi, na aliyezianzishia vita ni bibi mmoja wa Washington, Martha Wright, aliyekuwa akikamuliwa fedha ili tu aongee na mjukuu wake aliyefungwa. Sheria yenye jina lake ilisainiwa Januari 2023 na kuipa tume ya mawasiliano ya Marekani mamlaka ya kudhibiti bei, za video zikiwemo. Majimbo kama Connecticut, California, Colorado, Minnesota na Massachusetts yamepitisha sheria za kufanya simu za magereza yao ya jimbo ziwe bure. Ukiwa na ndugu kwenye mojawapo ya majimbo hayo, uliza kama ubure huo unamhusu pia mgeni aliye nje ya nchi, usichukulie tu kwamba ndivyo.

Ukichelewa, dakika zako zinahesabiwa tangu muda uliopangwa, si tangu ulipoingia. Na usipotokea kabisa, mara nyingi fedha hairudi.

Saa ya ziara naihesabu vipi?

Hapa ndipo ziara nyingi zinapopotelea, kwa hiyo kaa na karatasi.

Kwanza, saa inayoandikwa ni ya gereza, kwa hesabu yao ya kuanzia usiku wa manane. Pili, Marekani ina majira kadhaa. Kuanzia Novemba hadi Machi, New York iko nyuma yetu kwa saa 8, Houston na Chicago saa 9, Denver saa 10, California saa 11. Jumapili ya pili ya Machi wanasogeza saa mbele, na kila tofauti hapo inapungua kwa saa moja hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Arizona karibu yote haisogezi. Sisi hatusogezi kabisa, ndiyo maana miadi ileile ya kila wiki inakuhama ghafla.

Mfano: ziara ya 10:00 AM huko Houston. Mwezi Januari hapa Dar ni saa moja usiku. Mwezi Julai ni saa kumi na mbili jioni. Ziara ya 6:00 PM California mwezi Desemba hapa ni saa kumi na moja alfajiri, na siku imeshabadilika: Jumapili yao jioni ni Jumatatu yetu kabla ya kupambazuka.

Tarehe nazo wanaanza na mwezi. 04/07 ni tarehe 7 Aprili. Wapo waliojiandaa vizuri, wakavaa, wakakaa mbele ya simu, miezi mitatu baada ya ziara kupita.

Nikae wapi wakati wa ziara?

Ndani ya nyumba, chumbani, mlango umefungwa, mwanga ukikupiga usoni na si mgongoni. Si kwenye gari, si kwenye daladala, si kibarazani, si kwenye banda la intaneti, si kazini kwenye kaunta. Vituo vingi vinakata simu mgeni akionekana barabarani au akiendesha gari, hata kama amesimama kwenye foleni ya Ubungo.

Tunajua maisha ya nyumba ya kupanga: chumba kimoja, uani wapangaji wanapita, mwenye redio haambiliki. Waambie majirani siku moja kabla kwamba una simu muhimu. Huna haja ya kueleza ya nani. Funga pazia, geuza kamera iangalie ukuta mtupu. Kama nyuma yako kuna chupa za bia, panga la kukatia majani au bango lenye picha ya bunduki, viondoe. Wewe unaona vitu vya nyumbani. Ofisa anayetazama ana orodha ya vitu vilivyokatazwa.

Kuhusu mtandao: weka bando la angalau GB 1 kwa nusu saa, chaji simu hadi ijae, na usitegemee Wi-Fi inayotumia umeme wa ukutani, maana ukikatika nayo inaondoka. Simu iwe imesimama mahali pamoja. Kuizungusha ukiishika mkononi kunaonekana kama unatafuta kuonyesha kitu. Jaribu programu siku moja kabla, kamera na maikrofoni, kwa sababu kampuni hizi zinabagua simu za zamani.

Nivae nini? Kuna joto.

Vaa kama unakwenda ofisi ya serikali. Bega lifunikwe, kifua kifunikwe, nguo isiwe ya kuonyesha ndani. Kanga iliyofungwa kifuani, ambayo kwetu ni vazi la heshima la nyumbani, kwa ofisa wa kule ni mtu aliyejifunga taulo, na ziara zinakatwa kwa hilo. Dera la mikono linafaa. Wanaume, singlendi hapana, na msuli bila shati hapana. Vaa vizuri hata chini, maana siku utakaponyanyuka kufunga mlango kila mtu ataona.

Hijabu na kofia ya dini kwa kawaida hazina shida. Nikabu italazimu kufunua uso, walau wakati wa kuthibitisha kuwa ni wewe, kwa hiyo mweleze ofisa wa ziara kabla ya siku hiyo. Epuka fulana zenye maandishi ya Kiingereza usiyoyaelewa, na epuka ishara za vidole. Hata ile ya kupiga picha inaweza kusomwa kuwa ya genge.

Bibi hawezi kutumia simu. Naruhusiwa kumsaidia?

Ndiyo, kwa moja ya njia mbili. Ama na wewe usajiliwe kwenye ziara hiyo ukae naye mbele ya kamera, ama umuunganishie kisha utoke chumbani kabisa. Njia ya tatu ambayo watu wanaipenda, ya kujificha pembeni na kunong'ona "bibi, sema hivi", ndiyo inayoleta balaa. Sauti inasikika, inarekodiwa, na mtu asiye kwenye orodha amekutwa ndani ya ziara. Baadhi ya programu husimamisha picha zenyewe zikiona uso usiosajiliwa.

Msajilini msaidizi mmoja wa kudumu mapema. Ni kazi ya mara moja na itawaokoa mara nyingi.

Na watoto?

Watoto wanaruhusiwa mahali pengi wakiwa na mzazi au mlezi aliyekubaliwa, na majina yao yatajwe wakati wa kuweka miadi. Wavishe kamili. Mtoto mdogo aliyetoka kuoga akikimbia mbele ya kamera bila nguo ni sababu ya kukatwa simu papo hapo, na baba yake ndiye atakayehojiwa.

Kama mtoto hajui kuwa baba yuko gerezani, mwambie kabla, kwa maneno ya umri wake. Ataiona sare, atawaona watu wengine wakipita nyuma, ataisikia sauti ya mashine ikisema simu hii inatoka gerezani. Kumwambia "baba yuko kambini kazini" kutamfanya baba adanganye mbele ya mwanawe kwa dakika zote alizonazo. Mwache mtoto amwonyeshe daftari, aimbe shairi la shule, akae kimya akitaka. Na ziara ikiangukia saa tisa usiku, mlaze mapema umwamshe robo saa kabla, aoshe uso. Mtoto mwenye usingizi analia, na baba anabaki na kilio hicho hadi ziara nyingine.

Tumepata msiba. Tunataka amwone marehemu, na waombolezaji wote wamsalimie.

Poleni sana. Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na jibu lake linauma: msitumie ziara ya kawaida kumwonyesha mazishi.

Kwetu msiba ni wa watu wote. Turubai limefungwa, majirani wako kwenye mikeka, shangazi anataka kumwona mtoto wa kaka yake, kila mtu anavuta simu. Kwa gereza, hao ni watu ishirini wasiosajiliwa kwenye ziara ya watu wawili. Itakatwa dakika ya kwanza, na mtu aliyefiwa atarudishwa selo akiwa amenyang'anywa hata ile nafasi ya kulia na mama yake. Mwili wa marehemu mbele ya kamera nao unaweza kuhesabiwa picha iliyokatazwa.

Fanyeni hivi. Pigeni simu gerezani muulize ofisi ya kiongozi wa dini wa gereza. Karibu magereza yote ya huko wanaye. Mtajeni mfungwa kwa jina na namba, mtajeni marehemu, uhusiano, tarehe ya kifo na mahali pa mazishi. Ofisi hiyo huthibitisha, na ndiyo inayompa mfungwa habari ya kifo akiwa na mtu kando yake. Aliye na Kiingereza kizuri zaidi katika ukoo ndiye apige, hata kama ni kijana na wazee wapo. Kisha ulizeni mambo mawili: kama anaweza kupewa simu ya dharura, na kama gereza linaweza kumruhusu kutazama ibada kwa njia watakayoipanga wao. Mara nyingi la pili hukataliwa. La kwanza mara nyingi hupatikana.

Kwa ziara inayofuata, chagueni mmoja au wawili walio kwenye orodha. Wakae chumbani, mbali na turubai. Kulia si kosa. Kusoma dua si kosa, kuimba wimbo wa ibada kwa sauti ya kawaida si kosa. Picha za mazishi zitumwe baadaye kwa barua au kwa ujumbe, kwa kufuata masharti ya picha ya gereza hilo. Na msimfiche msiba hadi atoke. Wapo wanaofanya hivyo kwa huruma. Atausikia kwa mtu mwingine, kwa simu nyingine, na hatawaamini tena mkimwambia nyumbani wote wazima.

Naruhusiwa kupiga picha ya skrini niweke status?

Hapana. Wala kurekodi, wala kuweka simu ya pili pembeni ili ndugu aliye Mwanza asikilize. Hata ukiiweka kwa watu wachache, itasambaa, na ndani ya picha hiyo kunaweza kuwa na sura ya mfungwa mwingine ambaye naye ana familia, na pengine ana adui. Ni kosa ambalo linaweza kuleta adhabu nzito, hadi kufungiwa kabisa. Unataka kumbukumbu ya uso wake? Baadhi ya magereza yana utaratibu wa mfungwa kupigwa picha na kuituma nyumbani. Mwambie aulizie.

Anataka kuona nyumba yake ya Chanika inavyoendelea.

Ni haki yake kutaka kuona, fedha ni zake. Lakini usitembee na simu kwenye ziara ukimwonyesha msingi na lenta, mafundi wakipita. Piga picha mchana, zitume kwa njia ya ujumbe inayokubalika, kisha kwenye ziara mzungumze mkiwa mmekaa. Maneno ya familia kuhusu nyumba hayana tatizo. Kumfanya aendeshe biashara kutoka ndani, atoe maagizo ya mauzo na malipo kila wiki, kwenye magereza mengi ni kosa la nidhamu. Kama mambo ni makubwa, akupe mamlaka ya kisheria kwa maandishi kupitia wakili, na simu iwe ya kujuliana hali.

Tunaweza kuongea Kiswahili? Tunaweza kuongelea kesi?

Kiswahili ndiyo, kwa kawaida. Mkiambiwa vinginevyo na kituo fulani, fuateni. Lakini msidhani hamsikilizwi. Ziara zinarekodiwa na rekodi inaweza kutafsiriwa hata baada ya mwaka. Acheni mafumbo. "Ule mzigo umefika?" unaweza kuwa ni sanduku la nguo kutoka Kariakoo, ila kwenye karatasi ya mtafsiri utasomeka vibaya. Sema nguo, sema sanduku.

Kesi msiiguse kabisa kama bado inaendelea au iko kwenye rufaa. Waendesha mashtaka wa Marekani hutumia rekodi za simu za jela mahakamani, na maneno ya mama mwenye uchungu, "mwanangu kwa nini ulifanya vile", yanaweza kuchezwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama kama vile mama amethibitisha kosa. Yanayohusu kesi ni ya wakili, kwenye mawasiliano yaliyosajiliwa kuwa ya wakili. Wakili akijiunga kwenye ziara yenu ya familia, ulinzi wa siri kati ya wakili na mteja wake hauwepo.

Ananipigia WhatsApp usiku akiwa gerezani. Nipokee?

Usipokee. Simu hiyo imeingizwa kwa siri. Tangu mwaka 2010 sheria ya Marekani inahesabu simu ya mkononi ndani ya gereza la shirikisho kuwa kitu haramu, na anayekutwa nayo anaweza kuongezewa kifungo cha hadi mwaka mmoja. Najua unavyojisikia ukiliona jina lake kwenye skrini baada ya miezi ya ukimya. Lakini namba yako itabaki kwenye simu hiyo, na siku itakapokamatwa maombi yako ya ziara halali yatapitiwa upya. Mwandikie kwa njia ya halali kwamba unampenda na kwamba utaongea naye siku ya ziara.

Nitumie VPN ili nionekane niko Marekani?

Hapana. Vituo vingine havikubali mgeni aliye nje, na kuwazunguka ni kudanganya mahali ulipo, jambo linalotosha kufunga akaunti yako. Hapa nyumbani nako TCRA ilitangaza Oktoba 2023 kwamba anayetumia VPN anapaswa kutoa taarifa kwake. Kama video haikubaliki kutoka nje, tumieni barua na ujumbe, na aliye Marekani katika familia ndiye asajiliwe kwa video.

Kuna mtu anasema nimtumie fedha aniunganishe na gereza.

Tapeli. Gereza halina wakala wa Manzese.

Ndugu yetu yuko Uingereza, si Marekani.

Kwa England na Wales ziara za video zilianza kutumika kwa wingi mwaka 2020, wakati wa Uviko. Unajisajili kwenye programu rasmi inayotajwa kwenye tovuti ya serikali, gov.uk, unathibitisha kitambulisho, na unapaswa kuwa kwenye orodha ya mawasiliano ya mfungwa. Simu ni ya nusu saa. Mengi yaliyosemwa hapa kuhusu mavazi, chumba, kurekodi na wasiosajiliwa yanafanana. Tofauti ya saa ni 3 wakati wa baridi yao na 2 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba.

Na aliye Segerea, Keko au Ukonga?

Huko familia inakwenda yenyewe kwa siku na utaratibu wa gereza husika. Video unayosikia ikitumika Kisutu ni ya mahakama kusikiliza kesi wakati mahabusu yuko gerezani. Haichukui nafasi ya kwenda kumwona.

Ziara imekatwa. Nifanye nini?

Usipige simu gerezani ukiwa na hasira. Andika kwanza: tarehe, saa ya kule na ya hapa, dakika iliyokatika, nani alikuwa chumbani, ujumbe gani ulitokea kwenye skrini. Kama ni mtandao au mtambo, unaandikia kampuni kudai dakika zako, na risiti uiambatanishe. Kama ni masharti, unaandikia ofisi ya ziara ya gereza.

Barua iwe fupi na ya adabu. Kama kosa lilikuwa la upande wako, likiri waziwazi na useme bayana kwamba mfungwa hakuliomba wala hakulijua: mtoto aliingia bila ruhusa, jirani alifungua mlango. Sentensi hiyo ina uzito wakati wa kuamua adhabu yake. Ukifungiwa kwa muda, omba barua yenye tarehe ya mwisho wa kufungiwa na uulize kama kuna nafasi ya kukata rufaa na siku ngapi. Mtu mwingine aliye kwenye orodha achukue ziara zinazofuata ili asikae bila kuona mtu wa nyumbani. Usijaribu kuingia kwa akaunti ya dada yako. Sura itakutambulisha, na hapo mtafungiwa wote wawili.